Miezi 31 hajatoa matunzo, leo kaibuka anadai haki ya kumuona mtoto. Nimkatalie?

Mama_Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mda huu. Naomba msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma, uzi ni mrefu na nauandika usiku mtoto kalala pembeni yangu, nikikosea herufi mnisamehe. Nchi nilipo sitaji, nina sababu zangu.

Nina binti wa miaka sita na nusu. Baba yake tuliachana mtoto akiwa na miaka miwili na ushee, hatukupigana wala nini, alianza kulala nje siku moja, zikawa mbili, mwisho akahamisha na nguo. Nikakaa kimya miezi nikijua atarudi kwa mtoto hata kama kwangu harudi. Wapi. Nikaenda ustawi wa jamii, akaitwa mara mbili akaja moja, tukaishia mahakamani. Hakimu akaamua mtoto akae na mimi, baba atoe matunzo kila tarehe tano, na awe anamchukua Jumamosi mbili kwa mwezi. Hiyo hukumu ina miezi 35 leo. Alilipa minne. Jumamosi alikuja tatu.

Jumamosi ya nne binti alivaa viatu saa moja asubuhi akakaa mlangoni. Saa nane mchana bado kavaa, nikitaka kumvua analia. Akalalia kwenye kochi navyo. Havimtoshi tena sasa hivi, ila sijui kwanini sijavigawa.

Toka hapo laini haipatikani, kazini kwake wakasema kaacha, ndugu zake ukiwapigia "hata sisi hatujui alipo" huku stetasi zao wanakata nae keki.

Sasa wiki iliyopita ikaingia meseji kwa namba nisiyoijua. Naiweka kama ilivyo: "Habari. Nimejipanga sasa. Nataka kumuona mwanangu Jumamosi. Sheria inaniruhusu hivyo naomba usinisumbue."

Yaani hakuna pole, deni hajaligusa, na mwenye kuombwa asisumbue ni MIMI.

Ninachoomba kujua, naweza kumkatalia asimuone mpaka alipe? Pia dada yangu ananiambia nimpe ofa, asaini kuachia haki zote za mtoto, mimi nifute deni, tusijuane. Hiyo kitu ipo kisheria? Na kama nikidai naanzia wapi wakati hata anapolala sipajui.

Chuma_cha_Pua

Hela kwanza mtoto baadae. Hilo swali halihitaji uzi.

Nyuki_Malkia

Nakazia hapo juu. Wangu niliwahi kumfungia geti na sijutii mpaka kesho.

Mzee_wa_Hoja

Una uhakika lakini mtoto ni wake? Wanaume hatukimbiagi bure. DNA kwanza.

Mama_Daftari

Jina lake lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, aliandikisha mwenyewe kwa mkono wake. Na mahakamani hakubisha hata siku moja. Naomba tusihamishe mada kaka.

Karani_Mstaafu

Dada pole sana. Nimekaa dirishani mahakama ya watoto miaka mingi mpaka nimestaafu, mafaili kama lako nimeyapiga mhuri mpaka wino unaisha. Ngoja nikujibu taratibu, hao wawili wa juu wanakusukumia shimoni, japo najua wanakupenda.

Ile hukumu yako ni karatasi moja lakini ndani yake kuna amri mbili. Amri ya matunzo inamfunga yeye. Amri ya Jumamosi inakufunga wewe. Hakimu hakuandika "Jumamosi kama amelipa". Ukimfungia geti leo, kesho asubuhi mtu aliyekimbia miezi 31 anapanga foleni dirishani analalamika kwamba umevunja amri ya mahakama, na atakua anasema kweli. Ulikua na faili safi yeye ndo mkosaji, sasa faili lina wakosaji wawili na hakimu anaanza kuwapa wote mawaidha. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Na upande wa pili ni vilevile, wanaume mnaosoma kimyakimya msikieni na ninyi. Kusema "sikulipa kwasababu alikua hanionyeshi mtoto" mahakamani hakununui hata dakika. Ungeenda kuomba amri ya kumuona ikaziwe, yaani mahakama ilazimishe itekelezwe. Hela ya mtoto haishikwi rehani.

Kwanini iko hivyo? Watu wengi wanadhani matunzo ni haki ya mama na kumuona mtoto ni haki ya baba, ndo maana wanataka kubadilishana kama bidhaa. Zote mbili ni za mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 ibara ya 9 inasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuendelea kuonana nae mara kwa mara, halafu mkataba huohuo ibara ya 27 unaitaka serikali ihakikishe matunzo yanapatikana hata kama mzazi yupo nchi nyingine. Huo umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokua Marekani. Ule wa Afrika wa 1990 nao una yote mawili, na umeongeza kwamba mtoto hanyimwi matunzo eti kwasababu wazazi hawakuoana.

Sasa ofa ya dada yako. Mwambie asante ila hapana. Deni hilo huna mamlaka ya kulisamehe kiholela, ni hela ya mtoto imepitia mkononi mwako. Mkisainiana kienyeji mezani, baada ya miaka miwili mtoto akiumwa ukarudi mahakamani, hakimu anaiweka ile karatasi pembeni. Na kumvua mtu uzazi si kitu cha kusaini tu, mara nyingi kunaendana na mtu mwingine kumuasili mtoto, au hatari kubwa iliyothibitishwa. Hata huko Marekani Mahakama yao ya Juu ilisema tangu 1982 kwenye kesi ya Santosky kwamba ushahidi wa kumvua mzazi haki lazima uwe mzito kuliko wa madai ya kawaida. Mzazi mbovu bado ni mzazi. Inauma ila ndivyo.

Swali la tatu nakuja, napata chai.

Sijui_Lolote

Samahani naingilia, kama hawakuoana baba ana haki gani? Mimi nilijua mtoto wa nje ni wa mama moja kwa moja.

Karani_Mstaafu

Wajibu wa kutunza karibu kila mahali haungoji ndoa, ukithibitika ni mzazi unatoa. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 53 imesema waziwazi baba na mama wana wajibu sawa wawe wameoana au hawajaoana. Haki ya kuamua mambo ya mtoto ndo inatofautiana. Uingereza kwa mfano, baba ambaye hakuoa akiandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa anapata hiyo haki, na hiyo ni kwa waliosajiliwa kuanzia Desemba 2003, kabla ya hapo alikua hapati kwa cheti tu. Wengine mpaka uende mahakamani kuomba. Kwahiyo usimwambie mtu "huna haki" kabla hujaangalia sheria ya hapo mlipo.

Na wewe Mzee_wa_Hoja, DNA ina wakati wake. Ni mate ya shavuni, wala hawachomi sindano, na majibu yakisema siye ndo siye. Lakini unaidai mwanzoni kesi inapofunguliwa. Huwezi kuandikisha cheti, ukahukumiwa, ukalipa miezi minne, ukakaa mwaka wa tatu ndo unakumbuka mashaka, na wakati unasubiri kipimo unasitisha kulipa. Mpaka mahakama ibadilishe, amri ni amri.

Haya swali la tatu. Dada, umekaa unalia juu ya hiyo meseji lakini mimi nilipoisoma nilicheka. Isome tena. "Nimejipanga sasa." Umeshaelewa? Mtu uliyekua humpati miezi 31 kakupa namba yake mwenyewe, na kakiri kwa maandishi kwamba ana uwezo. Hilo neno nimejipanga ni zito kuliko wakili wa kukodi. Piga skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe, isifute, itume kwenye simu ya mtu unayemuamini pia.

Halafu chukua daftari. Mistari 35, kila mwezi mstari wake, andika tarehe iliyotakiwa, kilichotakiwa, kilicholipwa, kilichobaki. Minne ya mwanzo andika imelipwa, usidanganye hata mmoja. Mahakama inapenda mtu anayemwandikia mdaiwa wake ukweli. Nenda na nakala ya hukumu iliyogongwa mhuri, unaomba KUKAZIA HUKUMU, hufungui kesi mpya, usikubali mtu akuanzishie kesi mpya. Omba mahakama imuamuru aapie kipato chake, kazi, akaunti, mali. Akidanganya kwenye kiapo hiyo ni kesi nyingine na si yako tena.

Njia za kumkamua zipo, inategemea na nchi. Iliyo tamu kuliko zote ni kukatwa mshahara juu kwa juu kabla haujamfikia. Kuna kushika akaunti, kuna dalali kukamata mali. Marekani ukidaiwa matunzo zaidi ya dola 2,500 pasipoti hupewi. Afrika Kusini walirekebisha sheria yao 2015, asiyelipa anaweza kupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, akienda kukopa gari anaulizwa habari ya mtoto. Ujerumani serikali inamtangulizia mtoto hela halafu yenyewe ndo inamfukuzia baba, na toka 2017 wameifikisha mpaka miaka 18. Na kama kakimbilia nje kuna mikataba ya kudai matunzo kuvuka mpaka, upo wa New York 1956 na wa Hague 2007, uliza kama nchi zenu zote mbili zimo.

Jela ipo, lakini usiianzie hiyo. Mfungwa halipi. Tena akishaingia anatoka na deni lake lilelile halijapungua, na kabla ya kumfunga hakimu lazima ajiridhishe kwamba anaweza kulipa ila hataki.

Chuma_cha_Pua

Mzee umeongea sheria sawa. Ila ubinadamu uko wapi, mtu atelekeze miaka mitatu halafu mama amvalishe mtoto kanga mpya amkabidhi tu kama mzigo wa basi?

Karani_Mstaafu

Nani kasema amkabidhi tu? Soma vizuri. Nimesema asimfungie geti kwasababu ya HELA. Mtoto wa miaka sita asiyemkumbuka huyu mtu, kumtoa nae siku nzima ni vibaya kwa mtoto, na hiyo ni sababu halali kabisa. Anaenda mahakamani siku hiyohiyo ya kukazia anaomba na ratiba irekebishwe, waanze saa moja mbele ya afisa ustawi, ikienda vizuri saa mbili, hivyohivyo. Hakimu anayejua kazi yake anakubali. Sababu ikiwa ni mtoto utasikilizwa, ikiwa ni kisasi itaonekana hata ukiipaka sukari.

Nyuki_Malkia

Naomba nirudi maana nimekazia haraka bila kujieleza. Mimi niliyemfungia geti alikua ananipiga, na mara ya mwisho mtoto alikua mgongoni. Sasa nikisoma haya ya "haki ya mtoto kuonana" naona kama naambiwa nilikosea.

Karani_Mstaafu

Hukukosea mama. Ibara ile ile ya 9 ina maneno "isipokua pale inapokua kinyume na maslahi ya mtoto", na yaliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe. Geti uliloliweka lilikua sahihi. Ambacho ningekuomba, kama hujafanya, ni kulipeleka hilo geti mahakamani likawe amri ya zuio, uwe na karatasi. Ripoti ya polisi, fomu ya hospitali, jirani aliyesikia. Bila hivyo ipo siku atakuja na mtu wa ustawi akisema mke wangu ananificha mtoto tu, na wewe huna kitu mkononi.

Nyuki_Malkia

Fomu ya hospitali ninayo. Asante.

BabaWaJumamosi

Nimesoma uzi huu mara mbili na nimeogopa kuandika maana mimi ndo huyo mwanaume mnayemsema. Si wa dada hapa, ila wa namna hiyo. Nitaandika mnitukane halafu labda itamsaidia mtu.

Nilihukumiwa kulipa nikiwa na kazi nzuri. Nikalipa mwaka. Kazi ikaisha. Mwezi wa kwanza nikamwambia mama mtoto nivumilie, akavumilia. Mwezi wa pili nikaona aibu kusema tena, nikasema nikipata nitalipa yote kwa pamoja. Mwezi wa tatu akipiga naangalia simu inaita mpaka inakata. Unajua ile unaanza kuchukia sauti ya simu? Nikabadilisha laini. Na kwasababu sina hela nikaona siwezi kwenda kumuona mtoto mikono mitupu, kwahiyo nikawa sitoi na siendi. Kila mwezi ukipita ndo aibu inazidi na ndo kurudi kunakua kugumu. Mwisho ukichelewa sana unajiaminisha kwamba ni mama yake ndo mbaya.

Kosa langu la kisheria, na hili wanaume shikeni, nilipokosa kazi sikwenda mahakamani. Ningeenda wiki ileile na barua ya kuachishwa nikaomba kiwango kipunguzwe, kingepunguzwa. Nilikuja kwenda baada ya miezi 14. Hakimu akanisikiliza vizuri tu, akanipunguzia KUANZIA SIKU ILE NILIYOWASILISHA OMBI. Ile 14 ya nyuma ikabaki kwa kiwango cha zamani, kile cha mtu mwenye mshahara. Nikamwambia mheshimiwa nilikua sina kazi, akaniuliza "na mahakama ingejuaje?" Nikakosa jibu. Nimekuja kusoma kwamba Marekani wana sheria toka 1986 inayokataza kabisa kupunguza deni la matunzo la nyuma, kwahiyo si mimi tu.

Mpaka leo nalipa mwezi uliopo na kipande cha nyuma. Na nyingine, nilikua namnunulia mtoto nguo na baiskeli nikidhani nimepunguza deni. Sifuri. Zawadi ni zawadi, matunzo ni matunzo, kama hukuandikiana na mama yake hakuna anayekuhesabia baiskeli.

Dada Mama_Daftari, simtetei. Meseji yake ni ya kiburi. Ila mimi pia ya kwangu ya kwanza ilikua na kiburi na niliiandika nikitetemeka.

Chuma_cha_Pua

Kaka hapo umenikata maini. Sikutukani.

Mzee_wa_Hoja

Mi natukana kidogo. Baiskeli!

BabaWaJumamosi

😅 Nastahili.

Mtoto_wa_Mama

Mnazungumza mama na baba, mimi ndo mtoto, nimeshakua mtu mzima. Baba alirudi nikiwa na miaka tisa. Jambo moja tu kwa dada. Mama yangu hakuwahi kumsema vibaya mbele yangu na namshukuru, lakini alivuka akawa anamtungia sababu, "baba yuko safari, baba ana kazi nyingi". Miaka. Nikawa nawaambia shuleni baba ni rubani. Aliporudi hajawahi hata kupanda ndege. Niliyemkasirikia ni mama, sio yeye, na ilinichukua mda mrefu kurekebisha. Mwambie ukweli wa saizi yake. "Baba hakuja, na sijui kwanini." Inatosha. Na usimtume mtoto ujumbe wa hela, kuna siku niliambiwa "mwulize baba yako ada iko wapi" na nilikaa nae saa zima nimebana lile swali kama haja ndogo.

Mama_Daftari

Nimesoma yote. Hili la mwisho nimelisoma nikaenda kumwangalia amelala.

Daftari nimechora. Nilidhani nitachukua dakika kumi, imenichukua jioni nzima, maana kila mstari unakumbuka mwezi wenyewe ulikua na nini. Mstari wa 9 alilazwa. Mstari wa 17 ndo alianza shule. Mwisho nimejumlisha, 31 kamili.

Meseji nimjibu nini? Nimeandika nikafuta mara tano, nyingine zilikua na matusi.

Karani_Mstaafu

Iandike kama vile hakimu ndo anaisoma, kwasababu ataisoma. Chukua hii ubadilishe utakavyo: "Meseji nimeipata. Amri ya matunzo na ya kumuona mtoto zote bado zipo. Malimbikizo ni miezi 31, nayawasilisha mahakamani wiki hii. Mtoto hajakuona kwa muda mrefu, napendekeza muanze kwa saa moja mbele ya afisa ustawi. Taja Jumamosi unayoweza." Basi. Usiongeze "na aibu yako". Hata kama inawasha kidole.

Mama_Daftari

Nimetuma. Kajibu baada ya dakika mbili: "Kwahiyo unachotaka ni hela."

Karani_Mstaafu

Skrinshoti. Usijibu.

Nyuki_Malkia

USIJIBU dada. Weka simu chini ya mto kaa juu yake.

Sijui_Lolote

Swali, akiamua kupotea tena kabla ya kesi?

Karani_Mstaafu

Akitaka kumuona mtoto lazima aje sehemu yenye afisa, akija anapewa wito palepale. Asipokuja, kesi inasikilizwa bila yeye na meseji yake ya Jumamosi inabaki kwenye faili kama ukumbusho. Deni halizeeki upesi, nchi nyingi linamsubiri hata mtoto akifika miaka 18, kinachokoma hapo ni kuongezeka.

Mama_Daftari

Wakuu nimerudi, wiki saba zimepita. Samahani kwa kimya, wakili wa msaada wa kisheria alinishauri nisiandike chochote mpaka kikao kiishe.

Alikuja. Shati limepigwa pasi. Alipoulizwa kuhusu malimbikizo akasema hana kazi ya kueleweka, anabangaiza. Hakimu mama mmoja mtulivu hivi, akavaa miwani akasoma ile meseji kwa sauti, polepole. Alipofika "nimejipanga sasa" akasimama, akamtazama juu ya miwani, "umejipanga na nini?" Ukumbi kimya. Akaanza kusema alimaanisha kiakili. Karani wa pale akashindwa kujizuia akakohoa. Akaamriwa aapie kipato, na kwenye kiapo ikatoka kumbe ana mkataba wa kazi toka mwaka jana.

Amri ni akatwe mshahara huko huko kwa mhasibu, matunzo ya mwezi pamoja na nusu yake kwa ajili ya deni. Wakati tunasikilizwa deni lilishafika miezi 32, kwahiyo kwa nusu nusu ni miezi 64. Nimepiga hesabu, akimaliza binti atakua na miaka kumi na mbili. Aliomba deni lifutwe kwa kuwa "sasa tumeelewana", nikasema hatujaelewana mheshimiwa, ikaishia hapo. Jumamosi zimebadilishwa, saa moja ofisini ustawi kwa miezi mitatu halafu ripoti.

Saa moja ya kwanza ilikua Jumamosi iliyopita. Mimi nilikaa chumba cha pili mlango wazi. Dakika arobaini hawakuongea, alikua anapaka rangi na baba anamwangalia. Halafu nikasikia binti anamwambia "shika hapa nikate", kumbe anakata karatasi. Akashika. Nikaona mikono yake inatetemeka na kusema ukweli sikujua nijisikieje, nilikua nimejiandaa kumchukia saa nzima.

Njiani kuniuliza swali hakuniuliza mpaka tunafika nyumbani. Akasema, Jumamosi ijayo anakuja tena? Nikakumbuka yule wa rubani hapo juu, nikamwambia anatakiwa aje, ila mimi sijui kama atakuja. Akafikiri. Akasema "basi viatu nitavaa akishafika."

Chuma_cha_Pua

Daaah.

Mtoto_wa_Mama

Umemjibu vizuri dada.

BabaWaJumamosi

Kama huyo jamaa anausoma huu uzi, kaka, Jumamosi ijayo fika dakika kumi kabla. Usibebe kitu.

Karani_Mstaafu

Hongera. Usitupe daftari sasa, ndo limeanza kazi. Mhasibu akichelewesha barua ya amri unarudi dirishani, mwajiri akikaidi kukata nae anaitwa.

Mama_Daftari

Leo tarehe sita. Imeingia jana saa tisa alasiri. Mstari wa 37 nimeandika imelipwa, na nusu ya mstari wa 5.